Ushauri: sukari ya zailosi kutoka kwenye magunzi ya mahindi, italipa huku Mbozi?

Binti_Mlowo
Wakuu, habari za jioni. Niko Mlowo, tuna kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Msimu wa kupukuchua magunzi yanarundikana kila kona, watu wanayachoma, moshi unaingia hadi madarasani. Kuna kijana ametuletea wazo: magunzi yana sukari iitwayo zailosi, na kutoka humo hutengenezwa zailitoli, ile ya kwenye bablishi na dawa za meno. Anataka tuchangie mtambo. Anasema malighafi ni ya bure, faida nje nje, na mazingira yatapona. Wazo nimelipenda kwa kweli, ila hela ni akiba ya akina mama. Gharama iko wapi hasa? Na hayo mazingira yatapona kweli?

Mkemia_Iyunga
Dada, kuhusu sukari hajakudanganya. Karibu theluthi ya gunzi kavu ni hemiselulosi, moja ya vitu vinavyojenga kuta za seli za mmea, na sehemu kubwa yake ni minyororo ya zailosi. Unachemsha kwenye asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, ndani ya chombo cha mgandamizo, nyuzi 120 hivi, minyororo inakatika.

Kinachotoka sasa. Ni maji ya kahawia, makali, yananuka siki. Unatia chokaa kuua asidi, jasi inatuama, unachuja. Kisha unapitisha kwenye mkaa maalumu kuondoa rangi, halafu kwenye vichujio vya kunasa chumvi, ndipo upunguze maji hadi fuwele zijitenge. Fuwele safi utakazopata ni chini ya nusu ya ile theluthi. Pesa inaliwa kwenye kusafisha, gunzi lenyewe ni gharama ndogo.

Zailitoli ndiyo msiiguse. Viwanda huitengeneza kwa haidrojeni yenye mgandamizo mkubwa pamoja na nikeli. Haidrojeni ikivuja ikakutana na cheche, banda lote linalipuka.

Fundi_Boila_Mafinga
Naongezea kuni. Tuseme maji yenu yana sukari asilimia 5. Ili upate kilo 1 ya sukari lazima uvukize kilo 19 za maji. Kwa boila ya kawaida hizo ni kama kilo 5 za kuni kavu, bado hujachemsha magunzi yenyewe. Viwanda vikubwa hupanga vyombo vya kuvukizia mfululizo, mvuke wa cha kwanza unachemsha cha pili, na hapo ndipo wanapookoa. Mtambo wa hivyo si wa bei ya kikundi.

Binti_Mlowo
Asante kaka. Yeye anasema mabaki ya magunzi ndiyo yatakuwa kuni.

Fundi_Boila_Mafinga
Yanawaka, ila yanatoka yamelowa chapachapa na yana asidi. Yasiposuuzwa na kukaushwa yanakula bomba za boila. Na maji ya kusuuzia nayo yanahitaji pa kwenda.

Bwana_Shamba_Igurusi
Hapo pa maji ndipo ninapoogopa. Hata ukitia chokaa, yana chumvi na mabaki ya sukari. Yakiingia mtoni, bakteria wanayashambulia na kumaliza hewa ya majini, samaki wanakufa. Mwulizeni kijana shimo la kutibia maji liko wapi kwenye bajeti yake, na kama NEMC, baraza la taifa la mazingira, wameuona mradi.

Kutoa magunzi shambani hakuumizi udongo sana, rutuba yake ni ndogo. Mabua ndiyo muyaache, hasa kwenye miteremko, yanazuia mvua isibebe udongo. Lakini hilo neno bure silikubali hata kidogo. Siku mtakapoanza kununua, mwenye mashine ya kupukuchua atapanga bei. Na kuna kaya zinazopikia magunzi hayohayo. Mkiyachukua yote, mama wa kaya hiyo atakwenda kukata mti. Hapo moshi umeuondoa Mlowo ukaupeleka msituni. Usafiri nao: magunzi ni mepesi, lori linajaa kabla halijabeba uzito wa maana.

Mkemia_Iyunga
Mimi ningesimamisha mchango. Mpelekeni huyo kijana maabara na gunia moja la magunzi, apime mbele yenu: kilo ngapi zimeingia, asidi, chokaa, maji na kuni kiasi gani, na zailosi safi kiasi gani imetoka. Tena alete mnunuzi aliyeandika kwa mkono wake kiwango cha usafi anachotaka. Zailosi chafu haina soko.

Mama_Uyoga_Uyole
Mwenzangu, magunzi hayo mimi naotesha uyoga wa mamama. Nayasaga, nalowesha, nachanganya pumba na chokaa kidogo, nafukiza kwenye pipa, napanda mbegu. Uyoga unajilia hemiselulosi wenyewe bila asidi. Mabaki narudisha shambani.

Binti_Mlowo
Jumamosi kijana anakuja kikaoni, nitamsomea maswali haya yote mbele ya wanachama. Mama Uyole, baridi ya Juni huku si itaua uyoga?

Mama_Uyoga_Uyole
Haiui, uyoga unachelewa tu. Ziba banda kwa nailoni upande wa upepo na uanze na mifuko michache. Ukianza Septemba utaona tofauti.