Paneli zimezalisha uniti 612, tumelipwa uniti 371. Nyingine zimekwenda wapi?

Mama Wawili
Wakuu, habari za humu. Miaka yote nasoma kimya kimya, leo yamenifika.

Tumefunga sola ya kilowati 5 juu ya paa, haina betri, tukasaini mkataba wa kuuza umeme kwenye gridi. Mwezi wa kwanza umetimia. Programu ya inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa matumizi ya nyumbani) kwenye simu inasema tumezalisha uniti 612. Ankara imekuja, tumelipwa uniti 371. Uniti 241 hazionekani popote! Na hizo 371 zenyewe wamezinunua kwa kama theluthi ya bei tunayouziwa sisi usiku. Juu yake kuna tozo ya huduma ya kila mwezi, kana kwamba hatujafunga kitu.

Mume wangu anasema tunaibiwa na kesho anakwenda kuwawakia. Nimemwomba asubiri niulize kwanza. Je, mita ina shida? Halafu, tuongeze paneli au tununue betri? Msinicheke.

FundiWaPaa
Dada, mwambie shemeji akae kwanza. Hizo 241 mmezila wenyewe.

Umeme ukishuka kutoka paani unapita ndani ya nyumba kabla ya kufika kwenye mita. Friji inachukua chake, pasi inachukua chake, pampu ikiwaka inachukua chake. Kinachobaki ndicho kinatoka nje, na mita inaona hicho tu. Kwa hiyo programu inahesabu kilichozalishwa, mita inahesabu kilichotoka. Wewe umelinganisha vitu viwili tofauti.

Nenda kaiangalie mita yenyewe. Mita nyingi za njia mbili huzungusha namba kwenye kioo: 1.8.0 ni jumla ya ulichochukua kwenye gridi, 2.8.0 ni jumla ya ulichopeleka. Siku ya jua kali, saa sita mchana, zima kila kitu ndani isipokuwa inveta. Andika 2.8.0, subiri saa nzima, andika tena, kisha linganisha na programu ilivyosoma katika saa hiyohiyo. Zikikaribiana, mita ni nzima. Zikipishana sana, hapo sasa shemeji ana haki ya kuwaka.

Nasubiri Mgao
Naweka kambi hapa. Swali dogo la pembeni: kwa nini gridi ikikatika na sola yangu inazima, na jua linawaka vilevile?

FundiWaPaa
Kwa sababu inveta yako imeundwa izime. Ikiendelea kusukuma umeme kwenye laini ambayo mafundi wanadhani imekufa, utaua mtu juu ya nguzo. Ukitaka umeme gridi ikikatika, unahitaji inveta yenye betri na swichi ya kuitenga nyumba na laini. Turudi kwa dada.

Mzee wa Mita
Mwanangu, fundi amemaliza la mita. Niseme la bei, maana ndilo linalowaudhi wengi.

Bei unayouziwa usiku ina umeme wenyewe, nguzo, nyaya, transfoma, kinachopotea njiani, wafanyakazi na kodi. Wewe unapeleka umeme tu, na unaupeleka mchana wakati kila mwenye paneli mtaani naye anapeleka. Kwenye masoko yenye bei ya saa kwa saa, kama Ujerumani, kuna michana ya jua bei ya jumla inashuka chini ya sifuri. Na tozo ya huduma ipo kwa kuwa laini bado unaitumia, kwenda na kurudi.

Zamani haikuwa hivi. Ujerumani walipopitisha sheria yao mwaka 2000, mwenye paneli alihakikishiwa bei maalumu kwa miaka 20, kubwa kuliko ya soko, kwa sababu paneli zilikuwa ghali na walitaka watu wathubutu. Paneli zilivyoshuka bei, wanaoingia wapya wakapewa kidogo zaidi, wa zamani wakabaki na chao. Uingereza walianza 2010, wakafunga mlango kwa wapya 2019. Tangu Januari 2020 huko kampuni kubwa za umeme zinalazimika tu kukupa bei iliyo juu ya sifuri. Juu ya sifuri, basi!

Na usichanganye na ule mpango wa kufidiana uniti kwa uniti, ambapo uliyopeleka mchana inakatwa kwenye uliyochukua usiku. Kwenye ule, gridi ni kama betri yako ya bure. Wako si huo.

JuaHalilipiwi
Mimi ningejaza paa lote. Uniti ni uniti, hata ikiwa ya bei ndogo.

FundiWaPaa
Mkuu, usimpoteze dada wa watu. Mikataba mingi ina kikomo cha kilowati unazoruhusiwa kusukuma nje. Ukizidisha, inveta inajibana yenyewe na paneli zako mpya zinaota jua tu. Pili, mtaa ukijaa sola, volti za laini hupanda mchana. Laini ya volti 230 ikikaribia 253 inveta nyingi hukata, na unapoteza hata kile kidogo. Tatu, kuongeza paneli bila kibali kunaweza kukuvunjia mkataba au kukuhamishia kwenye bei mpya. Dada, kabla ya kununua hata bolti, soma mkataba: bei imefungwa kwa miaka mingapi, na mkiuza nyumba inamfuata nani.

Mzee wa Mita
Kuhusu betri, fanya hesabu ya vidole. Chukua uniti ya kununua ni 3, ya kuuza ni 1. Kila uniti mnayoihamisha kutoka usiku kuja mchana inawaachia 2 mfukoni, bila kununua kitu. Kufua, kupiga pasi, kupandisha maji kwenye tangi, kuchemsha maji ya kuoga: vyote mchana. Betri nayo inahamisha, lakini ukiweka 10 unatoa kama 9, na ina bei yake na umri wake. Badilini ratiba miezi miwili mitatu kwanza, ndipo mjue usiku mnabaki na uniti ngapi. Betri inunuliwe kwa hesabu hiyo.

Mama Wawili
Nimerudi, wakuu. Leo tumezima kila kitu, mume wangu kasimama kwenye mita na saa mkononi kama refa. 2.8.0 ilikuwa 396.2, baada ya saa moja ikawa 400.1. Yaani 3.9. Programu imesema 4.0. Tukatafuta hiyo 0.1, kumbe friji tuliisahau.

Mzee, shikamoo na asante. Mkataba nimeufukua: bei imefungwa miaka 10, na kikomo cha kusukuma ni kilowati 5, kwa hiyo habari ya kujaza paa imekufa. Pampu nimeiwekea taimeri, inawaka saa tano asubuhi. Mume wangu hajasema kitu kuhusu kwenda kuwawakia, ila nimemkuta anapiga pasi mashati ya wiki nzima saa saba mchana.