Naombwa pauni 1,900 niende Kigoma kugawa vyandarua. Niende?

BintiKisauni
Hamjambo nyote. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, naishi Leeds, Uingereza, na kazi yangu ni kutunza wazee. Si muuguzi. Mpwa wangu aliwahi kulazwa kwa malaria iliyompanda kichwani. Alipona, alhamdulillahi, lakini tangu hapo jambo hili haliniachi.

Kuna shirika hapa linakusanya watu wa kwenda vijiji vya Ziwa Tanganyika wiki tatu, mwezi wa Julai, kugawa vyandarua na kuelimisha watu. Ada ni pauni 1,900, na tiketi ya ndege najilipia. Wanasema Kiswahili changu kitawafaa sana. Pesa nimeziweka akiba. Nawauliza mlioko huko: nikija nitafaa kitu, au pesa hizi ziende kwengine?

MamaWaMwambao
Karibu mwanangu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku huku Kigoma, upande wa ziwani, na wageni wa namna hiyo nimewapokea. Nakujibu kwa urefu kwa sababu umeuliza kabla ya kulipa.

Chandarua huku kina njia zake. Mjamzito anapewa akihudhuria kliniki mara ya kwanza, mtoto anapewa akija chanjo ya surua ya miezi tisa, na shule za msingi zinagawiwa pia. Kila kimoja kinaandikwa. Kuna kundi lilikuja na vyandarua vyake, likagawa kitongoji kimoja, likapiga picha na watoto, likaondoka. Kitongoji cha pili wakanifuata mlangoni kuniuliza wamekosa nini. Kwenye daftari la zahanati hakikuonekana hata kimoja, kwa hiyo hesabu za mgao uliofuata zilifanywa kana kwamba wale hawajapata kitu.

Shida bado ipo, tena kubwa. Utafiti wa taifa wa 2017 ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya wanne wa mkoa wetu, wa chini ya miaka mitano, ana vimelea vya malaria. Mgawaji wa vyandarua tunaye. Tunachokosa ni mtu wa kukaa na wale ambao chandarua hakiwafikii hata kikiwa kimefungwa vizuri juu ya kitanda.

Nenda Kibirizi au Katonga jioni. Vijana wanaondoka na mitumbwi na taa kwenda kuvua dagaa, wanarudi alfajiri. Usiku kucha wako nje. Wake zao na wanunuzi wanawasubiri ufukweni kabla jua halijatoka, wamejifunga khanga mabegani, miguu wazi, na mbu wa malaria anauma mpaka alfajiri. Baadaye mvuvi analala mchana kwenye kibanda cha makuti, tena wengine wamehamia kambini wiki nyingi na chandarua kimebaki nyumbani. Mtu huyu ukimwambia "lala ndani ya chandarua" atakuitikia kwa adabu tu.

Hapo ndipo Kiswahili chako kina kazi. Usiku wa mbalamwezi dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika kama wiki moja. Siku hizo wanaume wapo, wanashona nyavu, wana nafasi ya kuongea. Mimi peke yangu nina kaya nyingi kuliko miguu yangu. Ningepata mtu wa kukaa nami pale, aandike: nani analala wapi, chandarua kiko wapi, kimechanika au kizima, homa ikimpata kambini anakwenda wapi kupimwa na anatumia muda gani kufika. Karatasi hizo ningezipeleka kwa mratibu wa malaria wa wilaya na zingekuwa na uzito.

Utakuta pia vyandarua vinavulia samaki. Ninavyoviona mimi vingi ni kuukuu. Usimgombeze mtu ufukweni mbele ya wenzake. Uliza kwanza nyumbani kwake watoto wamelalia nini.

Kijana wa Mkoani
Naongeza kutoka Pemba. Kwetu maambukizi yalishuka hadi chini ya asilimia moja, na kazi kubwa ilikuwa vyandarua, dawa ya kupulizia ukutani, dawa ya mseto, halafu ufuatiliaji. Mgonjwa akigundulika kituoni, ofisa anakwenda mpaka nyumbani kwake kuwapima anaoishi nao. Kazi hiyo inafanywa na watu wa hapa hapa wenye pikipiki na simu. Dada, muulize huyo anayekutoza pauni 1,900 ni ngapi zinamfikia mhudumu wa kijiji. Asipokujibu kwa tarakimu, achana naye.

NesiBirmingham
Mimi nasema la afya yako, dada yangu. Usijidanganye kwamba umezaliwa Mombasa basi malaria haikuwezi. Ile kinga tuliyokua nayo hupungua ukikaa miaka nje. Wagonjwa wengi wa malaria huku Uingereza ni sisi sisi, watu waliokwenda kutembelea kwao bila kumeza dawa ya kinga. Nenda kliniki ya wasafiri mapema, meza dawa mpaka ziishe hata baada ya kurudi, na ukipata homa ndani ya mwaka mzima mwambie daktari ulikuwa Kigoma. Na kwa kuwa huna leseni, usikubali kumtoboa mtu kidole kwa kipimo hata wakikuhimiza.

Tena kama una muda mrefu zaidi, mpango wa Umoja wa Mataifa wa watu wa kujitolea, UNV, humpa mtu posho ya kuishi. Haumtozi ada.

BintiKisauni
Shikamoo Mama, na asanteni nyote. Niliwaandikia wale kuuliza kama wamewasiliana na zahanati. Wamenijibu kwamba "wenyeji wanatusubiri kwa hamu." Zahanati hawakuitaja. Sitalipa. Lakini nataka kuja. Mama, nikija mwenyewe, naanzia wapi? Julai si wakati mzuri?

MamaWaMwambao
Marahaba mwanangu. Julai ni kiangazi, mbu wamepungua. Halafu mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kwa hiyo uliza kwanza utaratibu wa mwaka utakaokuja. Mimi ningependa Septemba mwishoni, kabla mvua hazijakolea, tuwe tumepita nyumba zote. Kazi ya siku hizo ni ya mikono: kupigilia misumari ya kufungia kamba, kushona palipochanika, kuwaonyesha kinamama kwamba chandarua kipya kinatandazwa kivulini siku nzima kabla ya kulalia ili kisiwashe, na kikifuliwa kisianikwe juani kwa sababu jua linaua dawa.

Andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mganga mkuu. Eleza wewe ni nani, utafanya nini, chini ya nani. Mpakani Mkenya unapita bila viza, lakini kujitolea kuna kibali chake cha ukaazi, daraja C, na usianze kazi bila hicho. Ukifika, kwanza kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji, ndipo kwangu.

Zile pauni usizigawe mkononi mkononi. Kwetu wanaobeba kazi hii hawana mabuti ya mvua wala tochi, na wavuvi wa kambini wakiugua usiku hakuna mafuta ya boti ya kuwaleta zahanati. Panga na kamati ya afya ya zahanati, wakupe risiti, na jina la kila kilichonunuliwa libandikwe ukutani watu wasome. Tiketi usikate mpaka barua ijibiwe.