Mafundi mnaosema "hita imekufa, nunua mpya" bila hata kuifungua: acheni

Wakuu, uzi huu una povu, na povu lina sababu.

Kila baridi ikianza, kwa wenzetu walioko Norwe, Swideni, Ujerumani na Uingereza, malalamiko ni yaleyale. Gari ya dizeli haipashi joto, kioo hakiachi ukungu, mwenye gari anaipeleka gereji. Fundi anachomeka kompyuta, anasoma kodi moja (namba ya hitilafu), anatoa hukumu: hita ya dizeli imekufa, weka mpya, euro elfu moja na ushee ukijumlisha ufundi. Hakuna aliyeishusha. Hakuna aliyepima pampu yake ya dizeli wala aliyechungulia ekzosi yake. Kodi yenyewe inasema tu kwamba moto haukuwaka. Haisemi kwa nini. Kulipisha watu euro elfu kwa swali ambalo hukulijibu ni wizi, na nalitamka hivyo hivyo.

Kwa asiyejua: injini ya dizeli ya kisasa haipotezi joto la kutosha kupasha kabati (ndani wanapokaa watu) wakati wa baridi kali, kwa hiyo kiwandani wanaifungia jiko dogo, ndiyo hiyo hita, linalochoma dizeli ya tangi na kupasha maji ya rejeta. Mengi ni Webasto Thermo Top C au Z/C, au Eberspächer Hydronic D5W, nguvu yake kama kilowati 5. Utayakuta kwenye VW T5, Passat, Land Rover Freelander na nyingine nyingi. Yale ya kiwandani kwa kawaida hujiwasha yenyewe injini ikiwa inanguruma na nje kuna nyuzi chini ya 5 hivi. Maana yake kiangazi chote hita imelala, dizeli iliyobaki ndani inagandamana. Halafu vuli inaingia na safari za dakika kumi za kupeleka watoto shule: inawashwa, inazimwa kabla haijapata moto sawasawa. Masizi yanajengeka hapo. Hita za namna hii kwa kawaida haziwi maiti, zinaziba. Na kilichoziba kinazibuliwa.

Sasa nigeukie kundi la pili, nyie walimu wa video. Mnafundisha watu wapulize breki klina (dawa ya kusafishia breki) kwenye bomba la hewa "isafishe ndani". Ile hita plagi, ncha ya umeme inayowasha dizeli, ndani ni nyekundu kwa moto! Unapuliza mvuke unaolipuka kwenye chumba kilichofungwa, na uso wako uko sentimita 30 kutoka hapo. Zile zenye klorini zikipita kwenye moto hutoa gesi ya sumu kali. Mwingine anasema jaza mafuta ya taa, itajisafisha. Mafuta ya taa yanaweza kupunguza masizi mepesi. Gamba gumu lililoshika kuta za kichomeo (chumba inamoungulia dizeli) hayaligusi, na pampu iliyochoka hayaiponyi.

Kundi la tatu ni wanaofuta kodi na kuondoka. Hita ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, au ikizidi joto mara kadhaa, kompyuta yake inajifunga makusudi. Unaifungua kwa programu: Thermo Test ya Webasto kupitia waya wa K-line (njia ya mawasiliano ya kompyuta ya hita), EDiTH kwa Eberspächer, na kwenye VW utaiona kwenye VCDS, programu ya kupimia magari ya VW, anwani 18. Kufungua kufuli bila kuondoa sababu ni kumnunulia mteja siku tatu. Kwenye Eberspächer, kodi 052 maana yake muda wa kuwaka umepita bila moto. 012 ni joto limezidi, na hiyo mara nyingi ni hewa kwenye maji ya rejeta au pampu ndogo ya maji iliyogoma, wala si kichomeo. Hizi kodi mbili zina dawa tofauti kabisa, lakini gereji inatoa bili moja.

Nitasema kazi inavyofanywa, ili mtu akiambiwa "haitengenezeki" ajue la kujibu.

Injini ipoe kabisa. Toa presha kwenye chupa ya maji, bana mipira miwili ya maji kwa koleo za kubania mipira, weka beseni. Chomoa fyuzi ya hita (kwa kawaida ampea 20) kabla ya kugusa soketi yoyote. Klipu ya ekzosi itakuwa imeoza kwa kutu na chumvi ya barabarani. Ikate tu, nunua mpya, usiipige nyundo kwa sababu shingo ni ya alumini na inapasuka. Hita ikishuka, kagua kwanza nje ya kile chungu cha alumini kinachopitisha maji. Ukiona unga mweupe au alama za waridi zilizokauka kwenye maungio, maji yanavuja. Ziba tundu moja, ingiza hewa kwenye tundu la pili kwa pampu ya baiskeli hadi bar 1.5, zamisha kwenye ndoo. Mapovu yakitoka kwenye mwili wa chungu, hapo kweli hita imekufa, tafuta nyingine. Hilo ndilo jaribio ambalo gereji haifanyi, na linachukua dakika tano.

(Wenye Discovery na Freelander zilizoletwa Nairobi au Dar kutoka Uingereza: hita haiwaki huko kwa sababu hakuna baridi, lakini maji ya rejeta bado yanapita ndani yake. Maji yakipungua na huoni yanapovuja, chunguzeni hapo.)

Ndani sasa. Fungua kichwa cha feni, kisha kichomeo. Kichomeo kilichoziba utakijua papo hapo: ukuta umevaa gamba jeusi linalong'aa, nene kiasi cha milimita kadhaa, na njia ya hewa imebaki nusu. Kwangua kwa mti au plastiki ngumu, malizia na brashi ya shaba, vuta vumbi kwa vakyumu. Chungu nacho vivyo hivyo, kati ya mapezi yake, kwa sababu masizi pale yanazuia joto kufika kwenye maji. Usitumie asidi, usitumie mchanga wa kupuliza. Na ule wavu au zulia la chuma ambalo dizeli inamwagikia ili igeuke mvuke, usilitoboe kwa sindano wala bisibisi. Likiwa gumu kama lami, kichomeo kibadilishwe. Hicho ni spea na kinauzwa peke yake, kwa bei isiyokaribia hata kidogo ile ya hita nzima. Kwenye Eberspächer kuna kitambaa kidogo cha wavu kwenye tundu la hita plagi. Hicho weka kipya kila ukifungua. Gasketi vilevile, zote. Gasketi ya zamani ikirudishwa, gesi za moshi zinavuja ndani ya boneti na kuingia kabatini, na kaboni monoksaidi haina harufu.

Hita plagi ni keramiki, inavunjika ukiiangusha mezani tu. Ikiwa baridi, upinzani wake uwe chini ya ohm 1. Mita isiposoma upinzani wowote kwa sababu njia iko wazi, imekatika. Usiiunge betri moja kwa moja "kuona kama inawaka", kwa sababu kompyuta huipa umeme kwa vipande. Kwenye Thermo Top C plagi hiyohiyo ndiyo jicho linaloona moto. Ndiyo maana hizi plagi bandia za bei ya chee zinatesa watu: moto unawaka vizuri, plagi inatoa kipimo kisicho sahihi, kompyuta inadhani hakuna moto, inakata dizeli. Mteja anarudi, gereji inamwambia "si tulikuambia ununue mpya".

Pampu ya dizeli ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Hita ya kilowati 5 ikiwa kwenye mzigo kamili inakula karibu lita 0.6 kwa saa, yaani mililita 10 kwa dakika. Chomoa mpira kwenye hita, endesha pampu kwa kasi hiyo kupitia programu, pokea kwenye bomba la sindano lenye vipimo. Zikitoka 6 au 7, moto utawaka na kuzimika, na hata ukisafisha kichomeo mara mia hutafika. Angalia kichujio mdomoni mwa pampu kabla ya kuitupa. Na bomba la dizeli la hita lina tundu la milimita 2 kwa makusudi. Wanaolibadilisha kwa mpira mpana wa kawaida wanajaza mapovu kwenye njia, moto unakatika, halafu wanalaumu hita.

Betri pia. Hita plagi inavuta umeme mwingi mwanzoni, na volti zikishuka chini ya 10.5 hivi kompyuta inakataa kuendelea. Betri nzee peke yake inatosha kuifanya hita isiwake.

Ekzosi yake iwe na kitundu cha kutolea maji mahali pa chini kabisa. Kikiziba, maji yanakaa, yanaganda usiku, hita inakosa pumzi. Ukirudisha kila kitu, toa hewa yote kwenye maji ya rejeta kabla ya kuwasha. Jaribu nje, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa, na kamwe usiiwashe kavu bila maji. Itahitaji kuwashwa mara kadhaa hadi dizeli ifike. Moshi mweupe kwa dakika chache mwanzoni ni wa kawaida. Mweupe usiokoma ni dizeli isiyoungua. Mweusi ni hewa haitoshi: feni, bomba la hewa au ekzosi.

Ikikaa sawa, na kama ina swichi au saa yake, iwashe dakika 10 kila mwezi, hata Julai. Watengenezaji wenyewe wanasema hivyo na hakuna gereji inayomwambia mteja.

Mwenye hita iliyokwama aweke hapa modeli iliyo kwenye kibandiko, kodi zote na si moja, na mililita alizopima kwenye pampu. Na gereji iliyokupa bili bila kupima chochote, idai ikuoneshe karatasi ya vipimo kabla hujatoa hata senti.