Vita vya Tanga 1914: matanga ya nani yalikaliwa?

Wadau, nimetoka kahawani hapa Ngamiani, tumegombana hasa. Swali: je, Tanga tujenge mnara wetu wa vita vya 1914?

Novemba ile Waingereza waliteremsha watu kama 8,000 Ras Kazone, wengi wao Wahindi waliofika hoi kwa safari ya bahari. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani aliyetutawala wakati ule, alikuwa na kama 1,000 tu, wengi askari weusi walioletwa kwa treni. Akawarudisha melini. Mwingereza anachokumbuka ni nyuki: eti walimshukia, ingawa waliuma pande zote mbili. Ukimsikiliza utadhani walikula kiapo kwa Kaisari. Mjerumani alimpokea Lettow mjini Berlin, Machi 1919, kwa gwaride la shujaa, hali ameshindwa vita vyenyewe. India huru ina mashujaa wengine wa kuwaimba.

Na sisi? "Vita vya Mjerumani na Mwingereza," kana kwamba tulikuwa tunachungulia dirishani.

Bibi mzaa mama hakuwahi kuuliza nani alishinda. Alisimulia kwamba baba yake alikamatwa shambani Muheza, akatwishwa sanduku la risasi, basi. Maiti haikuonekana, matanga hayakukaliwa. Kila Idi mama yake aliitoa kanzu ya mumewe kasikini, akaianika juani isiliwe na nondo, akairudisha.

Mimi nasema mnara ujengwe, na uwe wa wapagazi.

Mdau wa Bombo: Napinga. Askari hao hao ndio waliochoma vijiji na mashamba kusini wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ikakubali kuwalipa wazee wao malimbikizo ya mishahara. Leo tuwachongee jiwe? Sanamu ya askari ipo Dar tangu 1927, na aliyeisimamisha ni Mwingereza. Inatosha.

Mleta mada: Kaka, nimeandika wapagazi. Askari alikuwa na bunduki na mshahara, mpagazi alikuwa na mzigo kichwani. Upande wa Mwingereza peke yake wanakadiriwa kufikia milioni moja. Kariakoo ya Dar imebaki na jina la kikosi chao, Carrier Corps, nasi tunaenda pale kununua vitenge.

Mdau wa Chumbageni: Hela za mnara mtatoa wapi? Mitaro kwanza.

Mdau wa Dodoma: Shikamooni wakubwa. Huku Ugogoni vita vile tunavikumbuka kwa jina la Mtunya, njaa iliyokuja baada ya majeshi kubeba nafaka, ng'ombe na vijana wetu. Watu walifia majumbani mwao, hawakubeba hata kasha moja. Mkijenga mnara wa wapagazi, hao mnawaweka wapi?

Mleta mada: Marahaba, mwanangu. Hapo umenibana. Mama yake bibi naye hakubeba kitu, ila kanzu. Kesho alfajiri nalipeleka swali lako kahawani. Wa Bombo, uje, kahawa juu yangu.