Mfumo ukigoma ofisini, wafanyakazi wafanye nini?

Kiongozi wa Zamu aliuliza:
Wadau, habari za kazi. Ofisi yetu inapokea oda, inatoa ankara na kusimamia stoo, vyote kwenye mfumo mmoja. Ukigoma, watu wanabaki kutazamana. Wengine wanaendelea kubofya, wengine wanatoka nje, na ukirudi tunakuta oda zimeingia mara mbili au hazipo kabisa. Sitafuti namna ya kuzuia hitilafu, hilo tumewaachia watu wa TEHAMA. Nataka kujua kazi iendeleeje wakati huo, na nani aamue.

Karani Mkuu:
Mkuu, anza na hilo la nani aamue, maana muda mwingi hupotelea kwenye "subirini dakika tano". Wekeni kanuni: dakika 15 zikipita tangu taarifa ya kwanza, kiongozi wa zamu anatangaza kuhamia kwenye karatasi, bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Mkishahamia, hakuna kurudi mpaka atangaze tena, hata kama kompyuta moja imeanza kufunguka. Nusu ya watu wakiwa kwenye mfumo na nusu kwenye karatasi, ndipo oda pacha zinapozaliwa.

Karatasi zenyewe ziandaliwe mapema na ziwekwe kwenye boksi moja ambalo kila mtu analijua. Fomu ziwe za nakala mbili za kaboni, zenye namba zinazoanza na herufi, mfano K-0001, ili zisigongane na namba za mfumo. Ziwe na nafasi ya saa, jina na simu ya mteja, bidhaa, idadi, bei, sahihi ya aliyepokea, na kisanduku kitupu cha namba ya mfumo kitakachojazwa baadaye. Kisanduku hicho watu hukisahau, na bila hicho huwezi kujua fomu ipi imeshaingizwa.

Orodha ya bei na salio la stoo vichapishwe kila jioni kabla ya kufunga, tarehe juu, na za jana zichanwe. Bei iliyopitwa na wakati inakuletea ugomvi na mteja. Ongeza vikokotoo, kalamu na namba za simu za wafanyakazi na wateja wakubwa, kwa sababu mara nyingi namba hizo zimo ndani ya mfumo huohuo uliogoma. Namba ya kadi ya benki ya mteja isiandikwe kwenye karatasi kamwe.

fundi_seva:
Naongezea upande wa vifaa. Kabla ya kutangaza lolote, jua kilichokatika: umeme, intaneti, seva (kompyuta kuu inayobeba mfumo), au kompyuta moja tu.

Ikiwa ni umeme, UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika) ndogo ya 650 VA yenye betri ya 12 V, 7 Ah huibeba kompyuta ya mezani na skrini yake kwa dakika chache tu za kuhifadhi kazi na kuzima. Lakini ukiiwekea ruta na swichi ya mtandao (vifaa vinavyosambaza intaneti ofisini) peke yake, ambazo kwa pamoja hula takriban wati 20, unaweza kupata saa nzima au zaidi, na wenye laptop wakaendelea na kazi. Printa ya leza usiichomeke humo: sehemu yake ya kupasha joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla na UPS inaweza kuzima papo hapo. Betri hizo huchoka ndani ya miaka 3 hadi 5, kwa hiyo zipime.

Ikiwa ni intaneti, simu igawe mtandao kwa kompyuta mbili tatu zenye kazi ya haraka, si kwa ofisi nzima. Zima kwanza masasisho ya programu, la sivyo yatamaliza bando kabla ya ankara ya kwanza kutoka.

Mkiona mafaili yamebadilika majina au ujumbe wa kudai pesa, hilo ni shambulio. Chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, acha kompyuta ikiwa imewashwa, mwite fundi. Hapo kuunganisha laptop kwenye simu ni marufuku.

Mhasibu:
Hasara kubwa hutokea mfumo unaporudi. Kwanza tazameni miamala ya mwisho kabla ya kukatika: iliyohifadhiwa nusu ifutwe au ikamilishwe. Kisha watu wawili, mmoja anasoma fomu, mwingine anaingiza, kwa mfuatano wa namba, wakitumia tarehe ya muamala wenyewe, si ya kuingiza. Fomu iliyoharibika ibaki kitabuni na ipigwe mistari, isichanwe. Mwishoni jumla ya fomu ilingane na jumla ya mfumo. Zisipolingana, oda za wateja wapya ziendelee kuandikwa kwenye karatasi.

Kiongozi wa Zamu:
Asanteni sana. Na wale ambao kazi yao haiwezi kwenda kwenye karatasi, mfano wanaotengeneza ripoti?

Karani Mkuu:
Kila kitengo kiwe na orodha ya kazi tano au sita halisi zisizohitaji mfumo, imebandikwa ukutani: kuhesabu rafu moja ya stoo, kuwapigia wateja wenye madeni kwa orodha iliyochapishwa, kupanga mafaili, kumfundisha mgeni. Mmoja wao apokee simu za wateja, na mwingine awape wenzake taarifa kila nusu saa, hata kama hakuna jipya. Wakikosa taarifa watamfuata fundi mmoja mmoja, na fundi atashindwa kutengeneza.