MREJESHO: yule wa mikate ya kumimina (ya mchele na nazi), Chake Chake, Pemba

Assalaam aleikum jamani, mie ndo yule nliyeuliza kwa nini picha za mikate yangu zapata laiki kibao Instagram na oda hakuna. Mkanambia niache "bei njoo inbox", niweke katalogi (orodha ya bidhaa na picha zake) WhatsApp Business na nioneshe kazi yenyewe.

Bei nshaandika, maswali yamepungua, anokuja sasa anakuja kununua. Lakini kilichonitoa hasa ni kuseviana namba, kumbe status ya WhatsApp anaiona yule alokusevu na wewe umemsevu, na baada ya saa 24 ishaondoka, basi kila anochukua mkate namwambia sevu hapa hapa nikiona. Video ilotia fora ni ile nafunua kifuniko chenye makaa juu, mkate umeumuka wekundu wa kupendeza, hata mziki sikutia!

Katalogi nusu nusu tu, wengi huku wapiga simu moja kwa moja. Tangazo la kulipia sijagusa na sidhani, bora ninunue nazi. Alonambia niposti baada ya Alasiri ahsante sana, ndo saa watu wanawaza chai ya jioni. Wa Wete mnoulizia, oda zenu natia kwenye daladala Alkhamisi, nauli juu yenu.