Tununue seva yetu Mbeya, au tunausingizia mtandao?

Mtoa mada, Uyole

Wakuu, kuna hoja inazunguka kwa vijana wa programu hapa Mbeya: tuchange, tununue seva, tuiweke mjini, kazi zetu ziondoke GitHub, ile tovuti tunakoziweka. Sababu inayotolewa ni moja, kwamba Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya kazi zetu na kuyabadilishana, "haisinki". Mimi napinga.

Kila ninayemsikia akilalamika, awe wa Mwanjelwa au mwanafunzi wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), namuuliza: ujumbe wa kosa unasemaje? Wengi hawajausoma. Wameona maandishi mekundu, wamelilaani bando, wamefunika laptop. Ukiusoma, mara nyingi kuna "rejected", na pembeni yake "fetch first" au "non-fast-forward". Hapo mtandao hauna kosa. Seva imefikiwa, imejibu, na imekataa kwa sababu ina komiti (badiliko lililohifadhiwa) ambayo haimo kwenye kazi yako, mara nyingi mwenzako alikutangulia. Piga `git fetch` kuleta yaliyo kwenye seva, kisha `git log HEAD..origin/main` uone alichoweka, ndipo uunganishe na kupushi, yaani kupeleka kazi kwenye seva, tena. Seva ikihamia Kabwe hapa mjini itakukataa vilevile, tena haraka zaidi.

Mtandao ukiwa ndio mbovu, maneno huwa mengine: "Could not resolve host", "Connection timed out", au "early EOF" katikati ya kushusha.

Kinachoniudhi zaidi ni mtu aliyekataliwa kuandika `git push --force`. Inapita, anafurahi, na komiti za mwenzake zimeondoka kwenye tawi, yaani mstari wa kazi wanaoushirikiana. Kesho yake huyo mwenzake naye analia haisinki! Ukikumbwa na hilo, usifute folda ukaanza upya. Komiti zako bado zimo kwenye mashine yako, na `git reflog` itakuonyesha tawi lako lilipita wapi. Na kama ni lazima kulazimisha, tumia `--force-with-lease`, ambayo hukataa kupushi iwapo tawi la seva limesogea tangu ulipofetchi mara ya mwisho.

Mdau, Tukuyu

Mkuu, unasema hivyo kwa sababu uko mjini. Huku mvua ikishika, mtandao unakuja na kuondoka. `git clone`, ya kushusha mradi mzima, ikikatika haiendelei ilipoishia, inaanza sifuri, na bando ndiyo limekwenda. Halafu umesahau Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima? Seva iliyo jirani ungeifikia hata kwa waifai ya ofisini.

Mtoa mada

Kwenye clone una haki. Anza na `git clone --depth 1`, ushushe hali ya sasa tu, historia uiongeze kidogo kidogo kwa `git fetch --deepen=100`. Ila hiyo ya Mei 2024 inanisaidia mimi. Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo endeshi wa Linux, aliiandika Git mwaka 2005 kwa ajili ya watu wa Linux waliotawanyika duniani. Kila mmoja ana historia nzima kwake, anakomiti bila intaneti. Siku ile mngeweza kubadilishana kazi kwa flashi: `git bundle create kazi.bundle --all`, jirani anafetchi kutoka kwenye hilo faili. Seva ya nini?

Mdau, Iringa

Sisi hatukununua kitu. Kuna laptop ya zamani chini ya meza, tukaiwekea ripo, hifadhi ya pamoja ya kupokelea kazi, kwa `git init --bare`. Mchana tunapushi kwa waifai, jioni mmoja anapeleka GitHub. Inafanya kazi vizuri mpaka mtu apushi GitHub moja kwa moja akiwa nyumbani. Jioni matawi mawili hayafanani na tunaanza kutafutana. Sasa GitHub kwetu ni ya kusoma tu, kuandika ni kwenye laptop. Swali langu kwa wanaotaka seva ya kuchangia: umeme ukikatika wiki ya kuwasilisha, nani analipa mafuta ya jenereta? Na diski ikifa?

Mdau, Tukuyu

Diski ikifa kila mtu ana nakala yake, si ndiyo mnavyohubiri?

Mtoa mada

Nakala ya alivyofetchi mara ya mwisho, na kuna wenzetu hawajafetchi tangu Pasaka. Haya, mkinishinda kwa kura, nunueni. Ila kwenye ripo hiyo, kabla mtu hajapushi, pigeni kwanza `git config receive.denyNonFastForwards true`, ili seva ikatae `--force`. Asiyeitaka hiyo aje aeleze hapa kwa nini.